Mtoto Asiyelia Si Mtoto Aliyekufa

Kindu, Maniema. Mwanamke akiwa ndani anajifungua, sisi tulio nje ya mlango hatuulizi kwanza kama ni mvulana au msichana. Tunanyamaza, tunasikiliza. Sauti ya mtoto ikitoka, bibi anapiga vigelegele, baba anatafuta simu, na majirani wanarudi kulala. Isipotoka, watu wanatazama chini. Mmoja anasema taratibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, na wengine wanaitikia, wakati mtoto hajatimiza hata dakika mbili duniani.

Ndugu wasomaji, na nyinyi mnaosomewa habari hizi kwa sauti kwenye barza, leo ninaandika juu ya zile dakika mbili, na juu ya siku mbili tatu zinazofuata. Ninawaandikia wakaaji wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na pia familia zilizofika kwetu kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mtumbwi kutoka Kabambare, Shabunda na kwingine ambako bunduki zimewatoa watu nyumbani kwao.

Kazi yangu ya uandishi hunipeleka mara nyingi katika nyumba zinazowapokea wahamiaji wa vita. Naenda kuuliza bei ya unga, watoto waliokosa masomo, mvua iliyoangusha ukuta. Sikuwa natafuta habari za mapafu. Lakini katika nyumba tatu tofauti, nilipomwomba mama anihesabie watoto wake, alihesabu kwa vidole, kisha akaongeza mwishoni kwa sauti ya chini: "Na mmoja hakulia."

Mama mmoja kati ya hao watatu alijifungua akiwa njiani, ndani ya kibanda cha shamba, baada ya siku nne za kutembea. Aliniambia hivi: "Walimfunga kwenye kikwembe wakamweka pembeni. Mimi damu ilikuwa inanitoka nyingi, wote wakanishughulikia mimi. Kesho yake mama mkwe akaniambia kwamba alimwona amefungua mdomo mara moja, kama samaki, halafu basi." Akanyamaza. Kisha akaniuliza: "Wewe unayeandika, unajua vitu. Mtoto wangu alikuwa amekufa, ao alikuwa hajaanza?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nililibeba hadi kwa mkunga mmoja wa hapa mjini, mama wa siku nyingi katika kazi ile, aliyewapokea watoto ambao leo nao ni wazazi. Tuliketi nyuma ya maternite, yeye akichambua sombe, nami nikiandika. Mengi ya yaliyomo humu alinieleza yeye, na mengine niliyasoma baadaye ili nihakikishe.

"Kwanza," alisema, "uwaambie watu kwamba kutolia si kufa. Mtoto tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji. Hewa yake inatoka kwa mama, inapita kwenye kondo na kitovu. Akitoka, njia ile inafungwa, na yeye ni lazima ayasukume yale maji nje na kuvuta hewa ndani, kwa mara ya kwanza. Hiyo ni kazi kubwa kuliko kazi yoyote utakayoifanya wewe na mashavu yako."

Kisha akaokota kifuko cha plastiki kilichokuwa na maji ndani, akakiminya, akanipa nikipulize. Kuta zake zilikuwa zimeshikana. Nilipuliza kwa nguvu mpaka masikio yakauma, ndipo kikafunguka. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Akasema pafu la mtoto lina vifuko vidogo kama hivi mamilioni, na pumzi za kwanza ndizo zinazovifungua. Mtoto ambaye amechoka kwa sababu uchungu ulidumu mno, au kitovu kilibanwa, au amezaliwa kabla ya siku zake, anaweza kukosa nguvu za kuanza. Moyo wake bado unapiga. Anangoja mtu wa kumsaidia.

Wangapi wanahitaji msaada huo? Hesabu ya wauguzi duniani kote inakaribiana. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, kama 85 wanaanza kupumua wenyewe. Kama 10 wengine wanaanza baada ya kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wanaobaki ni kama watano, na wengi wao wanahitaji kupewa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa mpira wenye kofia ndogo inayofunika mdomo na pua. Wanaohitaji mashine kubwa na daktari bingwa ni wachache sana. Maana yake ni kwamba kwa watoto walio wengi, kinachotakiwa ni kitambaa kikavu, mikono inayojua, na ambu moja iliyo safi na karibu.

Na kinachotakiwa zaidi ni wakati. Wakunga wanaita dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa dakika ya dhahabu. Mtoto anakaushwa mara moja, kichwa, mgongo, miguu. Kitambaa kilicholowa kinaondolewa, kikavu kinawekwa. Kama kuna uchafu unaoonekana mdomoni, unafutwa. Mgongo unasuguliwa kwa kiganja. Kama bado hapumui, kitovu kinafungwa na kukatwa, kichwa kinanyooshwa kiasi, kisiiname wala kisipinduke nyuma, na ambu inaanza kabla dakika ile haijaisha. Inaminywa polepole, mpaka kifua kinainuka kama cha mtoto aliyelala. Hapo macho ya mkunga yako kwenye kifua cha mtoto, hayako kwenye saa wala kwenye karatasi.

Jirani zetu wa Tanzania walifundisha kazi hiyo katika hospitali nane, wakalinganisha hesabu za kabla na za baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini kuna hesabu nyingine ndani ya utafiti ule iliyonifanya niweke kalamu chini. Hata idadi ya watoto walioandikwa kwamba wamezaliwa wafu, wale ambao ngozi yao bado ilikuwa nzima, ilipungua kwa asilimia 24. Mafunzo yale hayafufui mtu. Sehemu ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, hawajaanza tu.

Nilirudi kwa mama yule na jibu nililolipata. Nilimwambia kwamba leo hakuna anayeweza kujua kuhusu mtoto wake. Mtoto anayefungua mdomo mara moja kama samaki huenda moyo wake bado unapiga, lakini hata mkunga mwenye ambu hawaokoi wote. Nikamwambia pia yale aliyonituma mkunga: kwamba mwanamke anayetokwa na damu hawezi kumsaidia mtoto wake, na waliokuwa pale walimsaidia aliyekuwa karibu kufa mbele yao, wakamwokoa. Hakuna wa kulaumiwa kati ya watu waliokuwa ndani ya kibanda kile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi andika. Wajue wengine."

Ndiyo sababu ya makala haya.

Sasa kuna mtoto wa pili, ambaye shida yake ni ya namna nyingine. Huyu analia. Vigelegele vinapigwa, majirani wanalala. Halafu baada ya saa moja au sita anaanza kupumua vibaya, na nyumba nzima inadhani anaota.

Huyo nilimwona mwenyewe, kwa sababu alizaliwa katika parseli moja na mimi, huku Alunguli. Mama yake alikuwa amefika kutoka upande wa Shabunda, mimba haijatimiza miezi minane. Uchungu ulimshika jioni, mtoto akatoka kabla ya kupata pikipiki. Alilia, sauti nyembamba lakini alilia. Kufika usiku wa manane alikuwa anatoa mlio mfupi kila anaposhusha pumzi, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani. Wanawake wa nyumba walisema ni baridi ya tumbo, apewe maji ya moto yenye majani. Bibi mmoja wa parseli alikataa. Alimfunua kifua, akamwomba mjukuu wake awashe simu na kusoma saa, akahesabu kwa sauti. Katika dakika moja alihesabu pumzi 78. Akasema: "Huyu halali. Huyu anafanya kazi, na nguvu zitamwisha kabla jua halijatoka."

Bibi yule alijua neno moja ambalo ningependa kila nyumba ya Kindu ilijue. Mtoto mchanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika moja. Zikifika 60 au kuzidi, unahesabu tena, dakika nzima, akiwa ametulia. Zikiwa bado 60 au zaidi, mtoto ni mgonjwa. Usihesabu robo dakika ukazidisha mara nne, kwa sababu mtoto mchanga anapumua haraka, anasimama kidogo, anaanza tena.

Dalili nyingine hazihitaji saa. Tazama chini ya mbavu na katikati ya kifua: je, nyama inaingia ndani kila anapovuta hewa? Tazama pua: je, tundu zinapanuka kama za mbuzi aliyekimbia? Sikiliza: je, anaguna anaposhusha pumzi? Tazama ulimi na midomo ya ndani: je, ni ya rangi ya buluu au ya majivu? Mpe titi: je, anashindwa kunyonya, au anaacha kila mara ili apumue? Mguse mwili: je, ni wa baridi, au wa moto kupita kiasi? Je, analegea, hashtuki ukimgusa nyayo? Moja tu katika hizo inatosha kukutoa nyumbani, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha. Hakuna dalili hata moja hapo inayongoja asubuhi.

Kwa nini mtoto aliyelia anaanza kushindwa? Turudi kwenye kile kifuko cha plastiki. Kwa mtoto aliyekomaa, vifuko vya pafu vimepakwa ndani kitu laini kinachofanya kazi kama sabuni kwenye maji: kinazuia kuta zisishikane tena pumzi inaposhuka. Madaktari wanakiita safaktanti. Mtoto anaanza kukitengeneza tumboni polepole, na kwa kawaida kinatosha kuanzia kama wiki ya 34 au 35 ya mimba. Aliyezaliwa mapema ana kidogo. Kila anaposhusha pumzi, vifuko vinajifunga, na kila anapovuta inabidi avifungue upya, kama ile mara ya kwanza. Fikiria kupuliza kifuko kipya mara 70 kwa dakika, usiku kucha. Ule mlio wa kuguna ni mtoto anayejaribu kubana hewa kidogo ndani ili pafu lisianguke lote.

Sababu nyingine zipo. Kuna aliyevuta kinyesi chake cha tumboni. Kuna mwenye maambukizi, hasa kama maji ya uzazi yalipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua. Kuna aliyetolewa kwa upasuaji ambaye maji ya mapafu yanachelewa kukauka, na mara nyingi huyo anapona ndani ya siku mbili tatu akipewa hewa na joto. Na kuna pafu linaloangushwa kutoka nje. Hapo hewa inatoboka kutoka ndani ya pafu, inakusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua, na kulibana, kama hewa iliyotoroka mpira wa ndani wa baiskeli ikakosa pa kutokea. Upande mmoja wa kifua unaonekana umejaa kuliko mwingine. Linaweza kutokea lenyewe, na linaweza kutokea mtu akiminya ambu kwa hasira. Ni kazi ya daktari mwenye sindano. Mama nyumbani hana haja ya kujua ni lipi kati ya haya. Dalili ni zile zile, na njia ni ile ile ya kwenda hospitali.

Kuna anayefikiri kwamba ugonjwa huu ni wa maskini, au ni wa waliokimbia. Tarehe 7 Agosti 1963, mke wa rais wa Marekani, Jacqueline Kennedy, alijifungua mtoto wa kiume wiki tano na nusu kabla ya wakati. Alipewa jina Patrick. Alikuwa na kilo mbili na kidogo, uzito ambao wakunga wetu wanauona kila wiki. Alipelekwa Boston, kwenye hospitali ya watoto yenye sifa kuliko nyingi duniani, na akafa baada ya saa 39. Katika mji huo huo wa Boston, miaka minne kabla, daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba watoto wa aina hiyo wanakosa safaktanti. Sababu ilijulikana, dawa haikuwepo. Ilipofika 1980, Mjapani Tetsuro Fujiwara aliandika jinsi alivyowatia watoto kumi safaktanti ya ng'ombe kwenye mapafu, wakapata nafuu. Leo dawa hiyo ipo, lakini ni ghali sana, na inahitaji mikono na mashine ambazo hospitali nyingi za Afrika hazina.

Lakini yapo mambo mengine yasiyo ghali. Mwaka 1972 huko New Zealand, madaktari Liggins na Howie walionyesha kwamba mama mwenye uchungu wa mapema akichomwa sindano za dawa fulani kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto yanakomaa haraka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kuijaribu moja ya dawa hizo, deksametasoni, katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo: kwa kila akina mama 25 waliochomwa, maisha ya mtoto mmoja yaliokolewa. Sindano hiyo si ya kununua dukani ukachomwa na jirani. Inatolewa hospitalini, baada ya kuhesabu wiki za mimba na kuhakikisha mama hana maambukizi. Kwa hiyo, dada yangu, uchungu ukikushika kabla ya miezi minane, au maji yakikatika, usilale nyumbani ungojee uone kama utapita. Kila saa unayofika mapema ni saa ya mapafu ya mtoto.

Kuna pia mashine ya mapovu. Mrija unapeleka hewa puani kwa mtoto, na ncha ya pili inazamishwa kwenye chupa ya maji ili hewa isitoke yote, pafu libaki wazi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, walitumia mashine ya bei ndogo ya aina hiyo. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba watoto 71 katika 100 waliotumia mashine hiyo waliishi, dhidi ya 44 katika 100 waliopewa oksijeni ya kawaida. Blantyre si Boston. Ni mji wa Afrika wenye shida kama zetu.

Kwetu, shida inayotangulia zote ni umeme. Mashine ya kutoa oksijeni haina kazi bila umeme. Usiku ule wa Alunguli, kituo cha kwanza tulichofikia, ambacho sitakitaja, kilikuwa na mashine imefunikwa kitambaa safi. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Muuguzi wa zamu hakutudanganya. Alimpima mtoto, akamchoma dawa ya maambukizi, akaandika karatasi ya kutuhamisha, akasema: "Vukeni sasa hivi, msinisubiri mimi." Mwenye mtumbwi aliamshwa saa tisa za usiku. Aliuliza jambo moja tu, mtoto ni wa nani. Tulipomjibu ni wa mhamiaji, alichukua kasia. Bei hakuitaja mpaka tulipofika ng'ambo, na ilikuwa ile ya mchana.

Njiani mtoto hakuwekwa kwenye beseni wala kwenye karatoni. Bibi alimvua, akambakishia kofia na kitambaa cha matakoni, akamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, uso umegeuzwa pembeni, shingo imenyooka, pua iko wazi. Akawafunga wote wawili kwa kikwembe kimoja, na kingine juu kwa ajili ya umande wa mto. Mtoto aliyeshikwa na baridi anatumia hewa nyingi zaidi, na huyo hewa hana. Njia hiyo ilianza kutumiwa hospitalini mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Mwaka 2021 utafiti wa hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo sana wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vinapungua kwa asilimia 25. Mama aliyekimbia vita bila sufuria wala godoro bado anacho kifua. Kifua hicho hakichukui nafasi ya hospitali, lakini kinamfikisha mtoto akiwa hai. Na mama akiwa hana nguvu, baba anaweza kumbeba vile vile. Joto la baba ni joto.

Mtoto wa usiku ule alikaa hospitalini siku 11. Sasa analia usiku, na parseli nzima inalalamika.

Mkunga aliniomba niandike pia yale ambayo tuache. Tuache kumning'iniza mtoto miguu juu. Tuache kumpiga makofi, kumwagia maji ya baridi, kumpulizia moshi au kumpaka pilipili ili ashtuke. Vinampoza na kumchosha, na vinakula dakika ya dhahabu. Tuache kumwekea mdomoni majani, mafuta au maji yenye sukari wakati anahangaika kupumua, kwa sababu yanaingia mapafuni. Kama umezalia njiani na hakuna ambu, kausha, sugua mgongo, nyoosha kichwa. Akiwa bado hapumui, mtu mmoja afunike mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake na kutoa pumzi ndogo, ile inayojaa shavuni tu, mpaka kifua kiinuke kidogo. Pumzi ya mtu mzima yote ni kubwa mno kwa pafu lile. Wengine wamshughulikie mama.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulihesabu watoto 28 katika kila 1000 waliozaliwa hai Kongo ambao hawakutimiza mwezi mmoja. Ndani ya hesabu hiyo hawamo walioandikwa wafu, wala waliozikwa shambani bila kuandikwa popote, kama yule wa kibanda.

Kwa hiyo kila mmoja ana lake. Mama mjamzito, ukienda CPN, muulize muuguzi maswali mawili: je, ambu ya watoto iko wapi, na usiku ni nani anayejua kuitumia? Hayo si maswali ya kiburi, na mkunga mzuri atakuonyesha kwa mkono. Baba, weka pembeni tangu mwezi wa saba pesa ya pikipiki na ya mtumbwi, na uandike namba ya simu ya mwenye mtumbwi ukutani. Mama mkwe na bibi, jifunzeni kuhesabu pumzi, nanyi muwafundishe wajukuu. Shefu wa avenyu, ujue katika parseli zako ni wapi kuna mhamiaji mwenye mimba, kwa sababu yeye hajui njia ya hospitali usiku. Na wakubwa wanaosoma: mafuta ya jenereta na sola za maternite ziwe katika hesabu ya kwanza, kabla ya semina na fulana.

Wenye mitumbwi nimezungumza nao. Wanasema wako tayari kuvuka usiku kwa mgonjwa, lakini wanataka taa kwenye bandari za pande zote mbili, kwa sababu gizani mtu anaweza kukosa pa kushuka. Nimepeleka ombi lao kwenye ofisi inayohusika. Nikipata jibu nitaliandika hapa, na nisipolipata nitaliandika pia.